Kuni za Serikali

Habari kwamba mthamini wa fidia ya barabara anakuja zilipomfikia Byabato, alifanya kile ambacho baba yake angefanya: alinoa panga akaanza kukinyoa kibanja, shamba lake la migomba na kahawa linaloizunguka nyumba. Mgeni haingizwi kwenye kibanja chenye ndevu. Majani makavu yakakatwa. Maotea ya ziada yakang'olewa, kila shina la mgomba likabaki na mama, binti na mjukuu tu. Migomba mizee iliyokwisha kuzaa ikaangushwa, vigogo vyake vikapasuliwa na kutandazwa chini kama mkeka. Mkewe, Adventina, alifagia njia kutoka barabarani mpaka mlangoni, kisha akaenda bondeni kukata nyasi mbichi za kutandika sebuleni, kama ilivyokuwa zamani watu walipokuwa bado na adabu na hawajaanza kununua mazulia ya plastiki.

Jirani yao Rutaihwa alikuwa amesimama mpakani, amekumbatia kibuyu chake cha rubisi, pombe ya ndizi, kama mtu anayebembeleza mtoto.

"Byabato, unamuoza nani?"

"Nampokea mthamini."

"Mimi atanikuta nilivyo."

"Atakukuta na nyoka."

"Na nyoka wahesabiwe," alisema Rutaihwa, akanywa. "Wameishi humu kabla yangu."

Kibanja cha Rutaihwa kilikuwa aibu ya kijiji kizima. Migomba ilisongamana humo kama watu kwenye msiba wa tajiri, na mibuni ilikuwa mirefu, mizee, imejaa majani na matawi, ikizaa punje za kutosha kutafunwa na wageni wawili. Bwana shamba alipokuja msimu uliotangulia na kampeni ya kufufua kahawa, Rutaihwa alijifanya mgonjwa wa mgongo. Byabato ndiye aliyesimama wa kwanza mkutanoni. Bwana shamba alisema kahawa ndiyo inayoleta ushuru, ushuru ndio unaojenga barabara, kwa hiyo kila mzalendo akate mibuni yake mizee ibaki visiki vya urefu wa goti, ichipue upya, na baada ya misimu miwili izae mpaka matawi yainame. Byabato akakata yote ya upande wa mbele, ile iliyopakana na barabara, penye udongo mweusi ambao yeye na mkewe waliulisha samadi tangu walipooana. Akapewa fulana ya kijani iliyoandikwa maneno kifuani. Adventina aliifua mara moja tu, maneno yakatoka.

Sasa barabara yenyewe ilikuwa inakuja. Ile ya vumbi inayoshuka kutoka Nshamba kuelekea ziwani ilikuwa ipanuliwe, inyooshwe kona, iwekwe lami. Ingemega upande wa mbele wa kibanja cha Byabato na wa Rutaihwa pia. Kwa Byabato kungebaki nyumba, makaburi ya wazee, mibuni michache ya nyuma, na migomba ya kulisha watu wawili wasiopenda kushiba. Lakini mipango ilikuwapo. Rutaihwa alikuwa na kipande cha nyuma, kinachopakana na nyumba ya Byabato, asichokilima wala kukitazama, na alikwisha kubali mbele ya wanaukoo kukiuza. Fidia ikitoka, Byabato angenunua kipande hicho. Kilichomegwa mbele kingerudi nyuma. Usiku wa kuamkia siku ya mthamini, mume na mke walilala vizuri, viuno vikiwauma kwa haki.

*

Mthamini aliitwa Avit. Alikuwa kijana mpole, mwenye viatu vyeusi vilivyochongoka, na simu kubwa kama sinia ambayo ndani yake aliandika kila kitu. Adventina alimpokea kwa akamwani, zile punje za kahawa zilizochemshwa na kukaushwa, kwenye kikapu kidogo chenye mfuniko. Avit alitafuna moja kwa heshima. Kisha akaletewa kuku na ndizi, akala mpaka akafungua kifungo kimoja cha shati.

"Mama, mmenipokea kama mkwe," alisema.

"Tungekuwa na binti aliyebaki tungekupa," alisema Adventina. "Sasa utupe wewe."

Wakacheka wote watatu. Hicho ndicho kicheko cha mwisho cha siku ile upande huo wa mpaka.

Walipotoka kwenda kibanjani, Avit alitembea juu ya vigogo vilivyotandazwa, akasifu. Alisema hajawahi kuona kibanja kisafi namna hiyo. Akahesabu migomba upesi sana, maana ilionekana yote bila kuinama. Halafu akasimama penye visiki.

"Mzee, mibuni iko wapi?"

"Unaikanyaga, waitu," alisema Byabato kwa ile adabu ya Kihaya.

Avit akatazama chini. "Hivi ni visiki."

"Ni mibuni iliyokatiwa. Tazama, hapa pana chipukizi. Bwana shamba ndiye aliyetuagiza."

"Bwana shamba ni wa idara nyingine." Avit alipitisha kidole kwenye simu yake. Mafuta ya kuku yaliacha mstari kwenye kioo. "Mwongozo wangu una mbuni unaozaa na mbuni mchanga uliopandwa kwa mche. Huu hauzai, na haujapandwa."

"Ulipandwa na baba yangu."

"Ndiyo, mzee. Lakini baba hakuukata."

Byabato akainama, akagusa chipukizi. Adventina ndiye aliyeuliza, "Sasa mwanangu, utaandika nini?"

Avit alijikuna shingo. Alikuwa na haya, na haya hiyo ilikuwa ya kweli, lakini haikuwa na mahali pa kuandikwa ndani ya simu. "Nitaandika kuni."

"Kuni."

"Kuna nafasi ya miti ya kuni. Bila hiyo nitaandika sifuri, na mimi sipendi kuwaandikia sifuri, mmenipa chakula."

"Na maotea tuliyong'oa jana?" aliuliza Adventina. "Yako pale kwenye shimo la mbolea. Bado mabichi. Na migomba hii tuliyoiangusha, vigogo ndivyo hivi unavyovikanyaga."

"Mama, mimi nahesabu kilichosimama."

Kisha akavuka mpaka kwenda kwa Rutaihwa. Hakukaribishwa hata maji. Rutaihwa alimshika mkono, akamwingiza kwenye msitu wake, na tangu mchana hadi jua lilipoanza kulegea sauti yake ilisikika ikitoka vichakani: "Na huu. Huu nao usiupite, una watoto wanne nyuma yake. Huo ni mbuni unaozaa, ndiyo, tazama punje hii hapa, na ile nyingine. Angalia mguu wako, mwanangu, hapo anakaa bwana mkubwa mmoja ana sumu."

Adventina alikuwa akiosha sahani ya mgeni. Aliiosha muda mrefu kuliko ilivyostahili.

*

Siku ya kutangaza fidia, mtendaji wa kijiji, Ishengoma, aliita watu kwa majina mbele ya ofisi yake. Alikuwa mtu wa suti moja na miwani asiyohitaji. Rutaihwa alipoitwa na kiasi chake kusomwa, watu waliguna. Mtu akasema kwa sauti kwamba kumbe uvivu una mshahara. Rutaihwa akainama kama mchezaji aliyefunga goli.

Kiasi cha Byabato kingenunua ng'ombe mmoja mkondefu, na kamba angejitafutia mwenyewe.

"Saini hapa, mzee," alisema Ishengoma.

"Nikikataa?"

"Ukikataa fedha zinakungoja, barabara haikungoji."

Byabato alichukua kalamu. Haikuandika. Akaijaribu kwenye kiganja, haikuandika. Ishengoma akaanza kupekua mifuko ya suti, na katika ule muda wa kungoja kalamu nyingine, sauti moja nyuma ikasema, "Mpeni kipande cha mkaa, si amelipwa kuni." Watu wakacheka. Hawakucheka kwa ubaya. Walicheka kama watu wanavyocheka kitu kikisemwa vizuri. Lakini kuanzia siku hiyo Byabato aliitwa Mzee Kuni, hata na watoto waliobatizwa mbele yake, na yeye ni mzee wa kanisa.

Usiku huo alimwambia mkewe, "Wangenikuta mchafu ningekuwa tajiri."

"Ulikuwa msafi kwa hiari yako. Mimi nilikuwa msafi kwa sababu nimeolewa na wewe."

Byabato hakucheka. Adventina akajua kwamba hapo pameumia.

*

Ni Adventina aliyekwenda Bukoba kulalamika. Byabato alisema amesaini, na mtu akishasaini harudi kulialia. Mkewe alisema yeye hakusaini popote. Akavaa kitenge cha Pasaka, akabeba mkungu wa ndizi, akashukia kwa mtoto wao Nathanieli huko Ijuganyondo. Nathanieli alikuwa amesoma mambo ya uchumi na alifanya kazi ya mipango kwenye ofisi fulani mjini. Shati lake lilinyooshwa mpaka mikono ikawa na makali.

Kesho yake Adventina alikwenda ofisi ya fidia, akakaa kwenye benchi asubuhi nzima. Mlinzi alimwambia mara mbili asogeze mkungu, maana Adventina alikuwa amebeba mwingine mdogo kwa ajili ya mkubwa wa pale. Alipoingia, mkubwa alikuwa mwanamke wa umri wa binti yake, ambaye hakuinua macho kwenye kompyuta.

"Muda wa pingamizi umepita, mama."

"Ulipita lini?"

"Lilibandikwa tangazo."

"Lilibandikwa wapi?"

"Kwenye tovuti."

Adventina alifikiri kuuliza tovuti iko kata gani, akaona asiwape raha. "Mwanangu, nimekuja na jambo moja. Serikali ilituambia tukate. Tukakata. Serikali ikaja, ikauliza kwa nini tumekata. Sasa mimi nimekuja kuuliza, hao wawili wanajuana?"

Yule mwanamke aliinua macho kwa mara ya kwanza, akatabasamu kidogo, na tabasamu hilo lilikuwa ndilo fidia yote aliyopata Adventina mjini Bukoba. Ndizi zilipokelewa.

Jioni, Nathanieli alimweleza. Alieleza vizuri, kwa subira, huku akichora kwa kidole mezani. Nchi inakua, mama. Nchi inayokua inataka barabara, umeme, bandari. Hivyo vyote vinataka fedha. Ukikopa sana, deni litawakuta wajukuu. Ukikamua kodi sana, mkulima anaacha kulima na mfanyabiashara anafunga duka, hata hiyo kodi hupati. Ukipunguza kodi, barabara haijengwi, kahawa inaozea njiani. Fidia nayo ni fedha ileile; ukilipa fidia nono, lami inakuwa fupi. Kwa hiyo kazi ya serikali ni kuweka mizani sawa.

"Mizani naijua," alisema Adventina. "Ya pale kwenye chama cha msingi, tunapouza kahawa. Upande mmoja kuna jiwe, upande mwingine kuna kahawa."

"Ndiyo hivyo hivyo, mama."

"Barabara ni upande gani?"

"Tuseme ni jiwe."

"Na mimi?"

Nathanieli alifungua mdomo. Mkewe, aliyekuwa akimenya ndizi mlangoni, aliacha kumenya ili asikie.

"Wewe ni…" alisema, akasita. "Mama, mimi naongea mambo ya nchi nzima."

"Hata mimi ninakaa humo humo."

Usiku alimpa mama yake noti kadhaa za nauli, nyingi kuliko nauli. Alizikunja ndogo sana, kama mtu anayemhonga mlinzi. Adventina alizipokea, maana nauli ni nauli.

*

Byabato alikwenda kwa Rutaihwa na fidia yake mfukoni, na noti za Nathanieli, na bei ya mbuzi wawili waliouzwa haraka. Rutaihwa alimkaribisha kiti. Alikuwa na redio mpya, na pikipiki ilisimama uani bado imefungwa nailoni kwenye kiti.

"Nimekuja kwa lile neno letu la kipande cha nyuma," alisema Byabato.

Rutaihwa alizima redio. Kwa mara ya kwanza katika maisha yake alionekana kama mtu aliyefanya kazi. "Kaka, kile kipande hakipo."

"Kimekwenda wapi?"

"Byarugaba amekichukua. Yule wa maduka pale Nshamba. Lami ikifika atapitisha njia ya pembeni, ajenge kituo cha mafuta."

"Tulikubaliana mbele ya ukoo."

"Tulikubaliana kwa bei ya vumbi. Yeye amelipa kwa bei ya lami."

"Lami iko wapi?"

"Inakuja."

Rutaihwa aliingia ndani akatoka na kibuyu, akammiminia. Byabato hakunywa. "Siku ile ya mthamini ungeniambia tu," alisema. "Ningeacha nyasi."

"Si nilikuambia? Nilikuambia mimi atanikuta nilivyo." Rutaihwa alisema hivyo kwa upole, bila kejeli, na ndiyo maana iliuma.

*

Greda lilikuja na kelele kutoka upande wa Nshamba. Lilikwangua kona, likaingia kwa Rutaihwa, likang'oa msitu wote uliolipwa vizuri, migomba na mama zake na watoto wake wanne, nyoka wakahama bila fidia. Jumamosi jioni lilifika mpakani kwa Byabato, likazimwa. Jumatatu halikuwashwa. Wiki iliyofuata dereva alionekana akiuza betri. Ishengoma aliitisha mkutano, akaeleza kwamba mkandarasi hajalipwa awamu yake, kwa sababu makusanyo ya mwaka hayakufikia lengo, kwa hiyo wananchi wawe wavumilivu na waongeze bidii katika kilimo.

"Kilimo cha wapi?" aliuliza Adventina kutoka nyuma. "Pa kulima si mmepachukua?"

"Mama, tusilete siasa."

Siku moja mkandarasi alikuja usiku, akapakia greda lake kwenye lori, akaenda zake. Udongo mwekundu ukabaki wazi kwa Rutaihwa, mvua ikachimba mifereji. Kwa Byabato vilibaki vigingi viwili vyenye rangi nyekundu na, kati yake, visiki.

Visiki havikupata tangazo. Vilichipua. Bwana shamba, Mungu amsamehe, alikuwa amesema kweli tupu. Machipukizi yalisimama manene, yenye majani meusi yanayong'aa, na baada ya misimu miwili yakachanua maua meupe yaliyonukia mpaka ndani ya chumba cha kulala. Byabato aligeuza kitanda, miguu ikaelekea dirishani, pua ikae mbali na harufu hiyo. Njia yake ya kwenda kanisani aliibadilisha, akawa anapitia nyuma, kwenye kipande cha Byarugaba kilichoota magugu yakingoja mafuta.

Kahawa ilipoiva nyekundu, Adventina alisema, "Nakwenda kuchuma."

"Si yetu. Nimesaini."

"Ulisaini kuni. Mimi sichumi kuni."

"Utaniaibisha."

"Mzee Kuni," alisema mkewe, na ilikuwa mara ya kwanza jina hilo kutamkwa ndani ya nyumba ile, "aibu tumekwisha kula, sasa tunatafuta chakula."

Alichuma alfajiri, kabla ya wachuuzi wa maziwa kupita, akijificha nyuma ya mibuni aliyoitia samadi kwa mikono yake. Alianika nyuma ya nyumba, kati ya makaburi, mahali ambapo hata Ishengoma angeona haya kupekua. Byabato hakuitazama ile kahawa. Alipita kando yake kama mtu anayepita kando ya mke wa mwingine. Lakini mchana mmoja, Adventina akiwa kisimani, mvua ilishuka kwa ghafla kutoka ziwani, naye akarudi mbio, ameloa, akijua kila kitu kimeharibika. Alikuta kahawa imefunikwa turubai, pembe zote nne zimekandamizwa mawe, na Byabato amekaa barazani, ameloa kuliko yeye, anatazama kwingine.

"Nani amefunika?"

"Sijui," alisema Byabato. "Pengine wazee."

*

Walikwenda kwenye chama cha msingi wote wawili, wakasukuma baiskeli yenye gunia. Ishengoma alikuwa amekaa pale kivulini. Alivua miwani ili aone vizuri.

"Mzee Byabato. Hiyo imetoka wapi? Mibuni yako ya nyuma inajaza kofia tu."

Byabato hakujua kusema uongo, hakufundishwa. "Imetoka mbele."

"Mbele ni mali ya umma. Mlilipwa."

"Tulilipwa kuni," alisema Adventina. "Kuni zako bado zimesimama pale, hakuna aliyezigusa. Nenda ukazihesabu."

Watu waliokuwa kwenye foleni wakasogea karibu wasikie. Ishengoma angeweza kuandika kesi. Angeweza kutwaa gunia. Alitazama gunia, akatazama ubao wa makusanyo ya kijiji uliotundikwa ukutani, ambao mstari wake ulikuwa bado chini sana, na wiki ileile alikuwa ameitwa kwa mkubwa wake kwa ajili ya mstari huo. Akarudisha miwani.

"Ilimradi inapita kwenye mizani," alisema. "Inayopita kwenye mizani sina ugomvi nayo. Wizi ni ile isiyokatwa ushuru."

Karani, binti aitwaye Celina, akapima. Kisha akasoma makato kwa sauti yake ya kila siku: ushuru wa halmashauri, sehemu ya chama, kamba na gunia. Na moja jipya.

"Hilo la mwisho ni la nini?" aliuliza Adventina.

"Mchango wa kukamilisha barabara. Mkutano ulipitisha."

"Barabara ipi?"

"Hiyo ya kwenu."

"Hii kahawa imetoka barabarani, mwanangu. Ndiyo barabara yenyewe hii, iko kwenye gunia. Unaikata barabara ili kujenga barabara?"

Celina alicheka, kisha akaona mzee hacheki, akaacha. "Bibi, mimi nasoma tu."

"Na itaisha lini?"

"Wanasema mkileta kahawa nyingi zaidi, itaisha upesi."

Adventina akapokea kilichobaki. Hakukihesabu mbele za watu. "Sawa," alisema. "Na siku barabara ikiisha, hiyo nyingi zaidi itatoka wapi?"

"Anayefuata," alisema Celina, kwa sauti ndogo.

Asubuhi iliyofuata Byabato alinoa panga. Alitoka kwa mlango wa mbele, mchana kweupe, amevaa ile fulana ya kijani isiyo na maneno, akaingia kati ya vigingi vyekundu. Alipunguza machipukizi ya ziada, akaacha mazuri mawili kwa kila kisiki kama alivyofundishwa. Akang'oa magugu. Akatandaza majani makavu kuzunguka kila shina, mpaka kile kipande cha serikali kikawa kisafi kuliko sebule ya padri.

Rutaihwa alisimama mpakani, kwenye udongo wake mwekundu. Pikipiki ilikwisha kuuzwa. Kibuyu kilikuwa kimerudi kifuani.

"Byabato. Unamuoza nani tena?"

"Nalipokea greda," alisema Byabato, akainamia kisiki kingine.